Maswali ya Wasomaji: Jina la Mtoto, Herufi kwa Herufi

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: jina limeshapatikana, au linakaribia kupatikana, lakini liandikwe vipi? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Khadija, Hadija au Khadijah?

*Mimi na mume wangu tumekubaliana binti yetu aitwe Khadija. Mama mkwe anaandika Hadija, wifi yangu anaandika Khadijah, na orodha ya majina niliyoisoma ina Kadija. Ipi ni sahihi? — Mama mtarajiwa*

Zote zinatumika, na hakuna hata moja tunayoweza kuiita kosa. Jina hili ni la Kiarabu, na Kiarabu kina sauti ambazo alfabeti ya Kilatini haina herufi zake, kwa hiyo kila lugha iliziba pengo kwa namna yake. Waliozoea Kifaransa wakaandika Khadidja, Djamila, Aïcha na Youssouf. Waliozoea Kiingereza wakaandika Khadija, Jamila, Aisha na Yusuf. Kiswahili nacho hupenda kumalizia kwa irabu, tukapata Yusufu na Rashidi, na mara nyingi hulainisha kh ikawa h: Khamis akawa Hamisi, Khalid akawa Halidi. Uthman ndiye aliyebadilika kuliko wengi: kuna Othman, Osman na Athumani, na wote ni jina lilelile. Vivyo hivyo sauti tunayoiandika dh katika Ramadhani, Fadhili na Ridhiwani hutamkwa z na Waajemi na wasemaji wa Kiurdu, ndiyo maana utakutana na Ramazani, Fazili na Rizwan.

Kwa hiyo kazi yenu ni kuchagua moja na kutoiacha. Tunawashauri muanze na herufi ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Orodha za shule, hospitali na mitihani hupangwa kwa alfabeti: Khadija yuko kwenye K, Hadija yuko kwenye H, na karani anayemtafuta penye herufi isiyo yake atasema hayupo. Hata kompyuta hukwama hapo. Ipo kanuni ya zamani ya kutafuta majina yanayofanana kwa sauti, Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 na ambayo bado imo katika programu nyingi. Kanuni hiyo huacha herufi ya kwanza kama ilivyo, huondoa irabu pamoja na h, w na y, kisha hugeuza konsonanti zinazobaki kuwa tarakimu tatu. Muhammad na Mohamed wote wanapata M530, kwa hiyo ukimtafuta mmoja utamwona na mwingine. Khadija anapata K320 na Hadija H320, na mashine haitambui kuwa huyo ni mtu mmoja. Ni kama ilivyo kwa Katherine (K365) na Catherine (C365).

Ile h ya mwishoni haina madhara makubwa, ila binti yenu atalazimika kusema "na h mwishoni" kila atakapotaja jina lake, maisha yake yote. Sisi tungeiacha. Kati ya Khadija na Hadija, sikilizeni ndimi za nyumbani kwenu. Kama wengi wanaitoa kh kooni, andikeni Khadija. Kama kila mtu anasema Hadija, andikeni Hadija bila wasiwasi. Kadija ndiyo tungeiepuka, kwa kuwa msomaji wa Kiswahili atatamka k kavu ambayo nyinyi hamuitamki.

Tahajia ya kipekee

*Nataka binti yangu aitwe Neema, ila akina Neema ni wengi. Nimefikiria Niimah au Neymah ili awe tofauti. Mnaonaje? — Dada mwenye shauku*

Dada, shauku yako tunaielewa, lakini tahajia haitampa upekee unaoutaka. Akiitwa kwa sauti atakuwa Neema miongoni mwa akina Neema, na akiandikwa atakuwa na kazi ya kujieleza. Zaidi ya hapo, umebadilisha jina bila kukusudia. Neema ina silabi tatu, Ne-e-ma. Anayesoma Kiswahili akiona Niimah atasema Ni-i-ma, na akiona Neymah atasita. Kiswahili kina faida ambayo lugha nyingi hazina: kila irabu ina sauti moja tu popote ilipo. Ukiandika jina kwa kanuni hiyo, kila mwenye kusoma Kiswahili atalipatia mara ya kwanza.

Kama moyo haujatulia, lijaribu kabla hujaamua. Tafuta watu watano ambao hujawaambia chochote kuhusu jina hilo. Wapigie simu, litamke mara moja kwa mwendo wa kawaida, uwaombe wakutumie ujumbe wenye jina hilo kama walivyolisikia. Halafu tafuta wengine watano, wape karatasi yenye jina na uwasikilize wakilisoma kwa sauti. Usiwasaidie. Wakipatia wanne kati ya watano katika kila kundi, jina limefaulu. Likianguka kwenye kuandikwa lakini likasomwa vizuri, bado unaweza kulibeba, kwa kuwa mtoto atalitaja herufi kwa herufi. Likianguka kwenye kusomwa ni tatizo zito zaidi, maana mwalimu, muuguzi na msimamizi wa mtihani hulisoma jina kabla hawajalisikia. Likianguka pote, achana na tahajia hiyo.

Tumesema simu kwa makusudi. Laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ilhali sehemu kubwa ya kinachotofautisha s na f iko juu ya hapo. Saidi anaweza kusikika Faidi. M na n nazo huchanganyika, kwa hiyo Mina anakuwa Nina, na p na b hali kadhalika. Simu nyingi za sasa zimeboreshwa, lakini upande mmoja ukiwa na laini duni, kasoro hiyo hurudi. Jina linalovuka jaribio hilo litavuka mahali pengi.

Kanuni hiyohiyo inawahusu wanaoandika majina ya kigeni. Brian tumemwona akiwa Bryan, Brayan na Brayani. Chukua tahajia ya asili nzima au ya Kiswahili nzima. Ukichanganya nusu kwa nusu, kwa mfano Bryani, hutampata wa Kiingereza anayeitambua wala wa Kiswahili anayeisoma.

Ulimi wa bibi

*Wajukuu zangu, mwanangu anataka mtoto aitwe Valeria. Ulimi wangu hauzitenganishi l na r, na watoto hunicheka. Nifanyeje? — Bibi mtarajiwa*

Shikamoo bibi. Hilo si kosa lako hata kidogo. Lugha nyingi za Kibantu zina sauti moja tu mahali pa l na r, na ulimi uliokulia humo huchagua mojawapo kufuatana na irabu iliyo jirani. Jina lenye moja kati ya hizo halisumbui sana: Halima akiitwa Harima, bado atageuka. Shida iko kwenye majina yenye zote mbili, kama Valeria, Lorena au Hilary, kwa kuwa yakigeuka hugeuka mara mbili, yakawa Varelia au Hirali, na mtoto asijijue. V nayo huwa f kwa wengine. Th huwa t au s, ndiyo maana Ruth huwa Ruti au Rusi. Konsonanti mbili zikifuatana bila irabu, ulimi hutia irabu katikati, na Glory akawa Gilori.

Mwambie mwanao, kwa upole, kwamba mtu atakayemlea mtoto mchana kutwa anastahili kuweza kumwita. Majina yaliyojengwa kwa m, n, t na k, yenye irabu kila baada ya konsonanti, hayamkwazi karibu mtu yeyote: Amani, Imani, Neema, Tatu. Akishikilia Valeria, basi na achague mapema jina fupi la nyumbani ambalo wewe mwenyewe umelitamka na likakaa sawa mdomoni. Ila jina hilo la nyumbani lisiandikwe kwenye hati yoyote.

Ritifaa kwenye Ng'endo

*Mtoto atarithi jina la bibi yake, Ng'endo. Nimeambiwa kile kialama cha juu kinaleta matatizo kwenye pasipoti. Tukiondoe? — Baba Ng'endo mtarajiwa*

Tunakusihi usikiondoe kwenye jina lenyewe. Ng' ya Ng'endo ni ile ya ng'ombe, na ukiandika Ngendo msomaji ataanza kwa ng ya ngoma. Hilo ni jina jingine.

Uliyoambiwa kuhusu pasipoti ni kweli, ila si tatizo bali utaratibu. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili inayosomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44. Katika mstari wa kwanza, nafasi 5 za mwanzo ni za aina ya hati na nchi iliyoitoa, na 39 zilizobaki ni za jina. Mistari hiyo inakubali herufi A hadi Z, tarakimu na alama ya < basi. Ritifaa hudondoshwa bila kuacha nafasi, kwa hiyo utaona NGENDO. Kistari hugeuka <, na Anna-Maria husomeka ANNA<MARIA. Herufi yenye alama juu, kama é, huandikwa bila alama hiyo, yaani E. Majina yote ya mtu yakizidi nafasi 39, yanakatwa. Wanaompa mtoto majina manne marefu walijue hilo mapema, kwani tiketi ya ndege hulinganishwa na pasipoti.

Kero halisi imejificha kwenye kibodi. Ritifaa iliyonyooka ('), ile iliyopinda (’) na ile ya wanaisimu (ʼ) zinafanana machoni, lakini kwa kompyuta ni herufi tatu tofauti. Karani wa kwanza akiandika kwa kompyuta inayopinda ritifaa yenyewe, na wa pili akatafuta kwa ile iliyonyooka, jibu litakuja kwamba mtoto hayumo. Fanya hivi: siku ya kusajili, uliza kwanza kama mfumo wao unapokea ritifaa, kisha omba iandikwe iliyonyooka. Kila unapojaza fomu ya mtandaoni, tumia hiyohiyo. Fomu ikiikataa, andika Ngendo kwa kuunganisha, usiache nafasi katikati. Na siku karani akikuambia jina halionekani, mwombe atafute mara tatu: lenye ritifaa, lisilo nayo, na lililotenganishwa, yaani NG ENDO. Mara nyingi litapatikana kwenye moja ya hizo.

Mapacha

*Tunatarajia mapacha wa kiume na tumependa Hassan na Hussein. Kuna ubaya? — Wazazi wawili*

Majina ni mazuri, ila fahamuni mnachokibeba. Mapacha hawa watakuwa na ukoo mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa, jinsia moja na anwani moja. Kinachobaki kuwatenganisha kwenye faili ni jina la kwanza peke yake, nanyi mmechagua mawili yanayoanza kwa H, yenye ss katikati na yanayoishia kwa n. Mahali panapoandikwa kifupi, wote ni H. Huo ndio mlango ambao dozi ya mmoja huingilia kwenye kadi ya mwingine. Na namba zao za hospitali huweza kufuatana, zikatofautiana tarakimu moja tu.

Kulwa na Doto ni mfano wa jozi iliyopangika: herufi za mwanzo hazifanani, konsonanti wala irabu hazikaribiani. Mkibaki na Hassan na Hussein, wapeni majina ya kati yanayoachana kabisa, tuseme Hassan Amani na Hussein Baraka, na myaandike kila mahali bila kufupisha. Kabla ya dawa au chanjo yoyote, mwombeni muuguzi asome kwa sauti majina yote pamoja na namba, na nyinyi mkazie macho tarakimu za mwisho.

Na amueni sasa kama ni Hassan au Hasan. Kwa Kifaransa s moja kati ya irabu husomwa z, ndiyo maana wengine huongeza ya pili. Kiswahili hakiihitaji, lakini ss imeenea sana. Chochote mtakachochagua ni sawa, mradi kisibadilike.

Jina litakalovuka mipaka

*Huenda mtoto wetu akakulia ughaibuni. Tuangalie nini? — Msomaji wa mbali*

Angalia herufi zinazobadilika sauti. J ya Juma kwa Kijerumani ni y, na kwa Kihispania hukaribia h. Zawadi kwa Mjerumani huwa Tsavadi, maana z yao ni ts na w ni v. Mfaransa husoma ch kama sh na au kama o, hivyo Chausiku humpotea, na h ya Rehema haitamki. Amina, Samira, Amani na Baraka hupita karibu kote.

Angalia pia jinsia. Andrea ni mwanamume Italia na mwanamke Ujerumani. Jean ni mwanamume Ufaransa, ni mwanamke Uingereza. Nikita kwa Warusi ni mwanamume. Hata Neema, ikisomwa kwa Kiingereza, hutoka Nima, na Nima kwa Waajemi ni jina la kiume. Si sababu ya kuliacha jina, ila mtoto aambiwe akiwa mdogo ili asishtuke akiitwa "Bwana" kwenye barua.

Mfundisheni pia kutaja jina lake kwa alfabeti ya marubani: Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea. Alfabeti hiyo yenyewe iliandikwa kwa kuwafikiria wasomaji wa lugha mbalimbali. Alfa ina f kwa kuwa si kila mtu anajua kwamba ph husomwa f, na Juliett ina t mbili ili Mfaransa asiimeze t ya mwisho.

Kwa ufupi

*Tunaweza kumwita mtoto cheo, kama Jenerali au Malkia?* Ulizeni ofisi ya usajili kabla hamjalizoea. Nyuzilandi hukataa majina yanayofanana na vyeo, na hukataa pia jina linalozidi herufi 70. Iceland ina kamati ya majina tangu 1991. Kwingine hakuna katazo, lakini jina la cheo huishia kujazwa kwenye kisanduku cha cheo, na mtoto akabaki hana jina la kwanza.

*Herufi za mwanzo zina maana?* Zina maana shuleni. Neema Zawadi Issa ni N.Z.I., na Omari Zuberi Ali ni O.Z.A. Ziandikeni kwenye karatasi, pamoja na jina la ukoo, kabla ya kuamua. Hapohapo tamkeni majina yote kwa mfululizo: Amina Ali husikika Aminali, kwa sababu a mbili hushikana. Jina la kwanza likiishia kwa irabu, ni afadhali la pili lianze kwa konsonanti.

*Hatujakubaliana kuhusu jina. Tuchelewe kusajili?* Hapana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unataka mtoto asajiliwe mara tu baada ya kuzaliwa. Malizeni mjadala kabla ya mwezi wa nane wa mimba, maana baada ya kujifungua mtaulizwa jina mkiwa mmechoka.

Cheti kimekosewa

*Mwanangu ana miezi minne. Tulisema Ilham, cheti kimeandikwa Llham. Nikirekebishe kwa kalamu? — Baba mwenye wasiwasi*

Usikiguse kwa kalamu, ndugu yetu. Cheti chenye mfuto hukataliwa, hata kama ulichofuta kilikuwa kosa. Kosa lenyewe tunalijua: katika maandishi mengi ya kompyuta, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile. Karani aliona vijiti viwili, akaandika l mbili.

Anza kwa kutafuta kosa lilipozaliwa. Toa fomu ya hospitali uilinganishe na cheti. Kama fomu ni sahihi, kosa ni la ofisi ya usajili: peleka fomu halisi, cheti na vitambulisho vya wazazi wote wawili, uombe marekebisho kwa maandishi. Kama fomu ndiyo iliyokosea, rudi kwanza hospitalini ukaombe barua ya kuthibitisha, na jiandae kwamba unaweza kutakiwa hati ya kiapo. Fanya hivyo kabla ya bima, pasipoti au usajili wa shule, kwa kuwa kila hati inayotokana na cheti hiki italibeba kosa, na kila moja itataka safari yake.

Kwa ambao bado hamjasajili: nendeni na karatasi yenye jina kwa herufi kubwa zilizoachana, ILHAM, na chini yake kwa herufi ndogo. Msilitaje kwa mdomo tu. Kwenye mwandiko wa mkono, u na v, n na u, a na o ndizo zinazoponza, kwa hiyo ziandikeni kwa utulivu. Mkiletewa rasimu, someni jina kutoka herufi ya mwisho kwenda ya kwanza: M, A, H, L, I. Jicho linalosoma kinyume haliwezi kubahatisha. Kisha hakikini jina la baba, jina la mama, jinsia, tarehe na mahali, ndipo mtie saini.

Nawe ukishapewa cheti kipya, usiondoke bado. Mwombe karani afungue kumbukumbu ya mtoto kwenye kompyuta akuonyeshe jina lilivyo humo. Kama wamechapisha upya cheti bila kurekebisha kumbukumbu, nakala utakayoomba miaka kumi ijayo itatoka tena na Llham.